Haipathredi kwenye seva: namna ya kuihesabu, kuipima na kujua lini uizime

Ukiwasha seva mpya yenye prosesa moja ya viini 8 na kuingia kwenye Linux, amri ya kwanza utakayoandika itakuonesha prosesa 16. Hesabu hiyo ni ya nyuzi (threads), yaani mikondo ya kazi inayoweza kushikwa kwa pamoja, si ya viini (cores) halisi, na wengi wetu tunaotunza seva za ofisi, hoteli na skuli za Unguja na Pemba tumewahi kuitegemea kupangia kazi za mwaka mzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma hesabu hiyo, namna ya kupima faida ya haipathredi (Hyper-Threading), yaani teknolojia inayokifanya kiini kimoja kionekane kama prosesa mbili, kwa kazi zako mwenyewe, na hali ambazo kuizima ndiko kunakofaa. Mifano mingi ni ya Linux kwa sababu huko mambo haya yako wazi zaidi. Windows nitaigusa panapohitajika.

Wapishi wawili, jiko moja

Kiini kimoja cha prosesa kina vyombo vyake vya kazi: sehemu za kukokotoa namba, sehemu za kusoma na kuandika kumbukumbu, na kache, yaani hifadhi ndogo ya kasi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Haipathredi haiongezi chombo hata kimoja kati ya hivyo. Inachoongeza ni seti ya pili ya rejista, yaani vijisehemu vya kushikia data inayofanyiwa kazi, na vitu vichache vinavyokiwezesha kiini kushika kazi mbili kwa pamoja, na kwa hivyo kujitambulisha kwa mfumo endeshi kama prosesa mbili.

Chukua jiko la nyumba yenye shughuli, lenye meza moja, kinu kimoja na mbuzi moja ya kukunia nazi. Mpishi akiwa peke yake, kuna nyakati hukaa bure: amemtuma mtoto dukani kuleta iliki, na mpaka mtoto arudi hana la kufanya. Ukimweka mpishi wa pili, huyu atakuna nazi wakati yule anasubiri iliki yake. Vyombo ni vile vile, ila havilali. Lakini siku wapishi hao wote wawili wanapotaka mbuzi kwa wakati mmoja, mmoja atasimama na kumtazama mwenzake. Na kila mmoja akija na masufuria yake, meza itajaa na watakuwa wanasukumana.

Duka katika mfano huu ni kumbukumbu kuu ya seva. Kiini kinapokosa data kwenye kache na kuifuata kule, kinaweza kungoja mamia ya mapigo ya saa yake, na ndani ya mngojeo huo ndimo haipathredi inamotafutia riziki. Meza inayojaa ni kache, ambayo nyuzi mbili za kiini kimoja huigawana. Kutokana na hayo utaona kwa nini seva ya tovuti au ya kanzidata, inayopokea maombi madogo mengi na kurukaruka ndani ya kumbukumbu, hunufaika, wakati programu ya kukokotoa hesabu nzito mfululizo, ambayo haiachi vyombo vipumzike hata kidogo, hupata faida ndogo, haipati kabisa, au hurudi nyuma.

Intel iliitoa teknolojia hii mwaka 2002, kwanza kwenye prosesa za seva za Xeon, kisha mwezi Novemba kwenye Pentium 4 ya gigahezi 3.06. Wakati huo ilieleza kwamba nyongeza hiyo ilichukua chini ya asilimia 5 ya ukubwa wa chipu, na kwamba baadhi ya kazi za seva zilipata hadi asilimia 30 zaidi. Wazo lenyewe lilikuwa limeshafanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, katika miaka ya 1990. AMD walilifuata mwaka 2017 kwa jina la SMT, na IBM wamekwenda mbali zaidi: POWER8 yao ya mwaka 2014 ina nyuzi 8 kwa kila kiini. Prosesa nyingi za seva za ARM, kwa upande wao, hazina kitu hiki, na humo uzi mmoja ni kiini kimoja.

Hesabu viini kwanza

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika:

lscpu | grep -E 'Thread|Core|Socket'

Seva ya mfano wetu itajibu hivi:

Thread(s) per core: 2
Core(s) per socket: 8
Socket(s): 1

Mstari wa kwanza ndio wa kutazama. Ukisoma 2, haipathredi inafanya kazi. Ukisoma 1, ama imezimwa ama prosesa haina. Kisha tafuta ni nyuzi zipi zinazokaa jiko moja:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/topology/thread_siblings_list

Jibu likiwa 0,8 maana yake ni kwamba prosesa namba 0 na namba 8, zinazoonekana kwenye orodha kama zimeachana mbali, ni wapishi wa jiko moja. Kwenye mashine nyingine jibu huwa 0 na 1. Usikisie, na usichukue mpangilio wa seva ya Unguja ukaubandika kwenye ya Pemba kwa kuwa tu zimenunuliwa pamoja. Amri ya lscpu -e itakupa jedwali zima, na safu yenye kichwa CORE ndiyo inayoonesha nani yuko na nani.

Kwenye Windows, fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, ulinganishe namba ya "Cores" na ya "Logical processors". Ndani ya mashine pepe (virtual machine), yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva halisi, jua kwamba unachokiona ni kile ambacho mashine mama imeamua kukuambia.

Asilimia 50 isiyo nusu

Hapa ndipo panapopotea watu wengi, kwa hiyo nitapakalia zaidi. Mfumo endeshi hupima matumizi kwa kuhesabu muda ambao kila uzi ulikuwa na kazi. Hauna habari kama mpishi alikuwa anakuna nazi au anasubiri mbuzi. Kwake, wote wawili wamo jikoni na wote wanahesabiwa kuwa kazini.

Tuseme kuna ofisi Chake Chake ambayo, katika msimu wa karafuu, seva yake ya viini 8 hupokea uzito kutoka vituo vya ununuzi na kukokotoa malipo. Kazi 8 nzito zikienda kwa pamoja, kila moja ikiwa imeshika kiini chake, ubao wa uangalizi utaandika asilimia 50, kwa sababu nyuzi 8 kati ya 16 ndizo zenye kazi. Mkuu wa kitengo akiuliza, ataambiwa kwamba nusu ya seva iko wazi, na huenda akaidhinisha vituo vipya viunganishwe hapo hapo.

Sasa tufanye hesabu. Tukubali kwamba haipathredi inaongeza asilimia 30, yaani ile hali bora iliyotajwa na Intel. Viini 8 vyenye kazi moja moja vikitoa kazi 100 kwa dakika, vikiwa na kazi mbili mbili vitatoa 130. Uwezo wote ni 130, nawe umeshatumia 100. Umefika asilimia 77, na kilichobaki ni 23. Faida ikiwa asilimia 15 tu, jambo ambalo si la ajabu, basi pale ubao unapoandika 50 wewe umeshafika 87.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio unaowafikia watumiaji. Kazi 130 zikigawanywa kwa nyuzi 16, kila uzi unapata kidogo zaidi ya 8. Kazi 100 kwa viini 8 vilivyo peke yake ni 12 na nusu kwa kila kimoja. Kila kazi, basi, inakwenda kwa asilimia 65 ya mwendo wake wa awali, na ripoti iliyokuwa ikitoka kwa dakika 10 sasa itachukua zaidi ya 15. Seva kwa jumla inafanya kazi nyingi zaidi kwa saa, lakini kila mmoja peke yake anangoja zaidi. Ndiyo maana mtu wa hesabu huja kulalamika kwamba mashine imekuwa nzito siku ile ile ambayo takwimu zako zinaonesha imefanya kazi kuliko siku zote, na kila mmoja wenu ana haki.

Kwa hiyo kengele ya tahadhari usiiweke kwenye asilimia 80 au 90 kama ilivyozoeleka. Iweke pale nyuzi zenye kazi zinapokaribia idadi ya viini. Mimi huanza na asilimia 45, na kutoka hapo naangalia muda wa majibu badala ya asilimia.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya kutumia unapokodi seva ya wingu. Kwa aina nyingi za mashine za AWS, huduma ya wingu ya Amazon, zenye prosesa za Intel, vCPU moja (prosesa pepe unayoilipia) ni uzi mmoja, kwa hiyo ukilipia 4 unapata viini 2. Kwenye zile za Graviton, prosesa za ARM za Amazon wenyewe, ambazo hazina haipathredi, vCPU moja ni kiini kizima. Ukilinganisha bei bila kulijua hilo, unalinganisha pishi na kibaba.

Mfumo endeshi unafanya nini

Windows 2000 haikuweza kutofautisha uzi na kiini. Ilikuwa inaweza kuzipeleka kazi mbili nzito kwenye jiko moja na kuliacha jiko la pili tupu, na watu wakasema haipathredi inapunguza kasi. Kwa mashine hizo walikuwa wanasema kweli. Windows XP na Windows Server 2003 zilikuja zikiwa zinajua tofauti, na Linux ililipata jambo hilo katika mfululizo wa 2.6. Mratibu wa kazi wa leo hutafuta kwanza kiini kilicho kitupu kabisa, na hugeukia uzi wa pili pale viini vyote vinapokuwa na mtu.

Kuna jambo jingine linalofanyika kimya kimya. Uzi ukikosa kazi, mfumo endeshi huusimamisha, na kiini humwachia mwenzake vyombo vyote. Programu inayosubiri kufuli (lock), yaani zamu ya kutumia kitu kilichoshikwa na mwingine, kwa kuzunguka papo kwa papo bila kulala huvuruga utaratibu huo, kwa sababu inaonekana ina shughuli na kumla mwenzake nafasi. Ndiyo sababu prosesa hizi zina agizo maalumu la PAUSE kwa ajili ya waandishi wa programu. Kwako wewe msimamizi, funzo la vitendo ni dogo: tumia keneli (kiini cha mfumo endeshi wenyewe) ya karibuni, na usiibane kazi kwenye prosesa fulani kwa mkono kabla hujaitazama ile orodha ya ndugu, yaani nyuzi za jiko moja, ya thread_siblings_list.

Pia usisahau joto. Kiini chenye nyuzi mbili zenye kazi hakipumziki, na kinachemka zaidi. Kwenye chumba ambacho kiyoyozi kinazimika umeme unapokatika, huku seva zikiendelea kwa UPS, prosesa itajipunguzia mwendo ili isiungue, na faida yote uliyoipima asubuhi itayeyuka mchana wa Februari.

Kuipima kwa kazi yako

Chagua kazi halisi inayokuumiza kichwa, kama vile ripoti ya kufunga mwezi au msururu wa maombi ya siku ya watalii wengi, na uipime usiku baada ya Isha ofisi ikiwa tupu. Programu za kupimia zinazopakuliwa mtandaoni hazijui kanzidata yako. Endesha kazi hiyo mara nne haipathredi ikiwa imewashwa, uitupe namba ya kwanza kwa sababu kache ilikuwa bado tupu, kisha andika muda wa jumla na pia muda wa ombi lililochelewa kuliko yote.

Baada ya hapo izime. Keneli za Linux tangu 2018 zinakuruhusu kufanya hivyo bila kuwasha mashine upya:

echo off | sudo tee /sys/devices/system/cpu/smt/control

Endesha tena lscpu uhakikishe kwamba mstari wa nyuzi kwa kiini umekuwa 1, kisha rudia vipimo vile vile. Kuirudisha, andika on mahali pa off. Angalia mitego miwili. Programu zinazohesabu prosesa wakati wa kuanza tu, kama nginx, programu ya seva ya tovuti, yenye worker_processes auto, zitabaki na wafanyakazi 16 kwenye viini 8 mpaka uziwashe upya, na kipimo chako kitakuwa cha kitu kingine. Na kazi uliyoibana kwa amri ya taskset kwenye uzi namba 8 peke yake itahamishwa kwa nguvu, wala usitegemee kwamba itarudi kwenye kituo chake ukiwasha tena.

Ukiona muda wa jumla umekuwa mrefu baada ya kuzima, na ombi lililochelewa kuliko yote halikupata nafuu ya maana, iwashe na uiache. Nionavyo mimi, hayo ndiyo matokeo ya kutarajia kwa ofisi ya kawaida yenye tovuti, kanzidata na faili za pamoja. Ukiona ombi hilo limekuwa jepesi sana huku muda wa jumla ukirefuka kidogo tu, na watumiaji wako ni watu waliosimama dirishani wakingoja risiti, kuizima kuna hoja.

Swali la kuaminiana

Mpaka hapa tumezungumzia kasi. Mwezi Agosti 2018 ulitangazwa udhaifu wa prosesa za Intel uitwao L1TF, na Mei 2019 ukafuata wa MDS. Katika yote mawili, uzi mmoja ungeweza kudokoa data ya mwenzake kupitia vyombo wanavyogawana. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD hawakungoja hata huo wa Agosti. Juni 2018 waliizima haipathredi kwa chaguo la msingi, na anayeitaka huiwasha mwenyewe kwa mpangilio wa hw.smt.

Kwenye Linux, soma hali ya seva yako hivi:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Mstari wenye "Not affected" haukuhusu. Wenye "SMT vulnerable" unakuambia kwamba masasisho yamewekwa lakini mwanya wa kugawana kiini bado upo. Uamuzi unategemea jambo moja: nani anakaa na nani. Seva inayoendesha programu za ofisi moja, zilizowekwa na watu wale wale, inaweza kuvumilia mstari huo. Seva inayopangisha mashine pepe kwa hoteli ya Nungwi, duka la Darajani na mteja wa tatu ambaye humjui anaendesha nini, haiwezi. Hapo una njia mbili. Ama uizime kabisa, ama utumie mratibu anayehakikisha kwamba nyuzi mbili za kiini kimoja hazipewi wateja wawili kwa wakati mmoja. Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, ina mratibu wa namna hiyo, na tangu Windows Server 2019 ndiye wa chaguo la msingi. Linux ilipata uwezo huo katika keneli ya 5.14 mwaka 2021, lakini ni lazima uupange mwenyewe, kwani hauji ukiwa umewashwa.

Kwa KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, njia ya mkono ni kubana. Ikiwa ndugu ni 0 na 8, mashine pepe iitwayo hesabu yenye vCPU mbili itapewa jiko zima kwa amri hizi:

virsh vcpupin hesabu 0 0
virsh vcpupin hesabu 1 8

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la mtu anayeipa hesabu namba 0 hadi 7, kisha anaipa mashine ya mteja mwingine namba 8 hadi 15, akiamini amewatenganisha kwa ukuta. Amewaweka wote wawili kwenye majiko yale yale 8, ana kwa ana.

Na usiipe mashine pepe moja vCPU zaidi ya viini halisi vya seva. Itajiona ina nguvu isizokuwa nazo na itagawa kazi kwa hesabu hiyo. Kuhusu leseni, Windows Server tangu toleo la 2016 huhesabiwa kwa viini halisi, visivyopungua 16 kwa seva, kwa hiyo haipathredi haikuongezei gharama wala haikupunguzii.

Kuizima kwa kudumu

Amri ya echo off huishi mpaka seva itakapozimwa. Umeme ukikatika usiku, UPS ikaisha, na jenereta ikachelewa, seva itaamka alfajiri na nyuzi 16 kama hapo mwanzo, bila kumwambia mtu. Kwa hiyo uamuzi uliokwisha kuupima uandike kwenye GRUB, programu inayoianzisha Linux: fungua /etc/default/grub, ongeza neno nosmt ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX, kisha kwenye Debian au Ubuntu endesha sudo update-grub. Unaweza pia kuizima kwenye BIOS, ambako seva nyingine huiita "Hyper-Threading", nyingine "Logical Processor", na za AMD "SMT". Mimi hupendelea GRUB kwa seva iliyo mbali, kwani kurekebisha BIOS ya mashine iliyopo Wete huku wewe uko Mjini, kama haina njia ya kuifikia kwa mbali, ni safari ya boti.

Panga kuiwasha upya seva Ijumaa wakati ofisi imefungwa kwa sala, na ikisharudi andika:

cat /sys/devices/system/cpu/smt/active

Jibu la 0 linamaanisha mpangilio umeshika. Hesabu wafanyakazi wa nginx, wawe 8. Rudisha kengele ya tahadhari kutoka 45 hadi 80, kwa sababu sasa kila prosesa inayoonekana ni kiini kamili. Na bandika karatasi kwenye mlango wa kabati yenye tarehe na neno nosmt, ili atakayekuja zamu yako asidhani kwamba nusu ya prosesa imekufa.